Ubora wa Picha na Ukweli wa Picha

Binadamu ametamani tangu zama za kale kulizuia jambo lipitalo lisipite. Sura huzeeka, nyumba huanguka, watu huhama, na kumbukumbu ya moyo, ijapokuwa ni hazina, ni hazina iliyotiwa katika mfuko wenye tundu. Picha ilibuniwa ili kuliziba tundu hilo. Kwa sababu hiyo, kila kamera mpya itokapo, watu huuliza kama picha yake ni bora kuliko ya kamera iliyotangulia. Swali hilo ni jepesi kulitamka, walakini si jepesi kulijibu, kwa maana ndani ya neno ubora mna mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni uwezo wa picha kulipendeza jicho. La pili ni uaminifu wake kwa kitu kilichosimama mbele ya lenzi. Historia ya kamera za dijitali yaonyesha kwamba mambo hayo mawili yalisafiri pamoja kwa muda mrefu, na kwamba katika miaka ya karibuni yameanza kuachana. Msomi ambaye kesho ataitumia picha kama shahidi hana budi kupajua mahali njia zilipogawanyika.

Mwanzo wa kamera hizi haukuwa katika duka la picha bali katika maabara. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni kidude cha silikoni kiitwacho CCD, ambacho kiliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Kazi yake yaweza kufahamika kwa mfano wa mvua. Mtu akipanga vibaba vingi uani, kimoja kando ya kingine, kila kibaba hukusanya maji kwa kadiri ya mvua iliyoanguka mahali pake. Mvua ikikatika, maji ya kibaba cha kwanza hupimwa, ya cha pili yakamiminwa katika cha kwanza yakapimwa nayo, na hivyo hivyo mpaka safu iishe; kila kipimo huandikwa katika daftari. Atakayelisoma daftari hilo ataweza kuchora ramani ya mvua yote bila ya kuwapo uani. Basi nuru ndiyo mvua, chembe za silikoni ndizo vibaba, chaji ndogo ya umeme izaliwayo na nuru ndiyo maji, na daftari la tarakimu ndilo picha. Kila kibaba huitwa pikseli, na pikseli milioni moja huitwa megapikseli. Methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba haikutungwa kwa ajili ya kamera, lakini ni vigumu kupata maneno mengine yaelezayo kazi yake kwa usahihi zaidi.

Mwaka 1975 mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, aliunda huko Rochester, New York, kamera iliyotumia kihisi cha namna hiyo. Uzito wake ulikuwa kilo 3.6 hivi. Ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, yaani 10,000 tu, na picha zake zilikuwa za weupe na weusi. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kaseti, na haikuweza kutazamwa ila kwa msaada wa televisheni. Mbele ya filamu iliyouzwa madukani siku hizo, picha hiyo ilikuwa kama mtoto atambaaye mbele ya mkimbiaji. Fadhila yake ilikuwa moja, nayo ni kwamba nuru ilikuwa imegeuzwa hesabu, na hesabu huweza kunakiliwa mara elfu bila ya kuchakaa.

Kibaba, hata hivyo, hujua wingi wa mvua na hakijui rangi yake. Tatizo hili lilipata dawa kutoka kwa mtaalamu mwingine wa Kodak, Bryce Bayer, aliyepewa hataza mwaka 1976. Yeye aliifunika kila pikseli kwa kichujio kidogo cha rangi moja: nusu ya pikseli zote kijani, robo nyekundu na robo buluu, kwa kuwa jicho la mtu hupata sehemu kubwa ya habari za mwanga katika kijani. Kila pikseli ikawa na elimu ya rangi moja tu, na zile mbili zilizobaki hukisiwa kwa kuziuliza pikseli za jirani. Maana yake ni kubwa. Katika picha ya rangi ya megapikseli 12 mna thamani milioni 36 za rangi, nazo milioni 24 hazikupimwa bali zilikisiwa. Mpango huo ungali unatumika katika kamera nyingi za leo. Kwa hiyo asemaye kwamba kamera za kale zilinakili tu na za leo hubuni, hajasema kweli yote. Makisio yalikuwamo tangu mwanzo. Suala ni makisio ya namna gani, na kwa kumwuliza nani.

Miaka ya 1990 kamera hizi zilitoka maabara zikaingia mikononi mwa watu. Mwaka 1991 Kodak iliuza kamera ya DCS, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3, na mpiga picha alilazimika kuning'iniza begani mtambo wa pili wenye diski ya kuhifadhia. Bei yake, dola 20,000 hivi na zaidi, iliifanya kuwa chombo cha magazeti makubwa. Mwaka 1994 Apple ilitoa QuickTake 100, iliyopiga picha za pikseli 640 kwa 480, na kumbukumbu yake ilijaa kwa picha 8 za ukubwa huo. Mwaka 1995 Casio QV-10 iliweka kioo cha kutazamia picha nyuma ya kamera, jambo ambalo leo hakuna alionaye kuwa ajabu, lakini picha zake zilikuwa za pikseli 320 kwa 240 tu. Mwaka 1997 Sony ilianza kuuza kamera za Mavica zilizoandika picha katika diski laini ya kompyuta, ile ile iliyotumika maofisini kuhifadhi barua.

Ili kuupima umaskini wa picha hizo, yafaa zipelekwe kwa mpiga chapa. Kanuni ya kawaida ya chapa nzuri ni pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa kanuni hiyo, picha ya QuickTake hutoa chapa ya sentimita 5.4 kwa 4, kadiri ya picha ya pasipoti. Ya Casio hutoa kipande kama stempu. Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye megapikseli 2.7, hutoa sentimita 17 kwa 11, na hapo ndipo magazeti yalipoanza kuiaga filamu kwa haraka. Canon EOS 300D ya mwaka 2003, yenye megapikseli 6.3 na iliyouzwa kwa bei isiyofika dola 1,000, hutoa sentimita 26 kwa 17. Nikon D800 ya mwaka 2012, yenye megapikseli 36.3, hutoa sentimita 62 kwa 42. Katika miaka isiyotimia 20, chapa ilikua kutoka pasipoti hadi bango la ukutani.

Hapa pana msiba ambao haukutambuliwa upesi. Familia nyingi ziliacha filamu katika miaka ile ile ambayo kamera za dijitali zilikuwa changa. Negativu iliyopigwa mwaka 1955 na kuhifadhiwa vyema yaweza kupelekwa leo katika mashine mpya ya kunakili, na ikatoa mistari ya nguo na nyuzi za ukili ambazo chapa yake ya kwanza haikuzionyesha, kwa sababu habari hizo zilikuwamo ndani yake zikingoja. Picha ya pikseli 640 kwa 480 haingoji kitu. Kilichopimwa ndicho kilichopo, na ambacho hakikupimwa siku ile hakitapimwa milele. Tena nyingi zilibanwa kwa kanuni ya JPEG, iliyotangazwa mwaka 1992, ambayo hugawanya picha katika viraka vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho haliyajali sana. Zilipobanwa mno ili zitoshe katika diski, viraka hivyo vilionekana wazi kama mshono mbaya. Hivyo yatukia kwamba harusi ya babu imehifadhiwa kwa utajiri mkubwa kuliko harusi ya mjukuu wake.

Wingi wa pikseli, pamoja na hayo, haukuwa kasoro kubwa kuliko zote. Kasoro kubwa ilionekana jua lilipokuchwa. Nuru huanguka kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo, kama matone ya mvua, haziangukii kila kibaba kwa idadi iliyo sawa. Mahali palipotazamiwa fotoni 100, yamkini zitaanguka 90 au 110. Tofauti hiyo ni moja kwa kumi, na jicho huiona kama chenga zilizomwagwa juu ya picha. Mahali palipotazamiwa fotoni 10,000, tofauti ya kawaida ni 100, yaani moja kwa mia, na jicho haliisumbukii. Kwa hiyo mchana kamera ya kale ilisema kweli kwa ufasaha, na usiku ilipatwa na kigugumizi. Juu ya chenga za nuru yenyewe ziliongezeka chenga za mtambo, kwani vipimo vya umeme mdogo vilikuwa na makosa yake. Nikon D1 iliruhusu wepesi wa kupokea nuru kutoka kipimo cha ISO 200 hadi 1600, na wapiga picha wengi waliuogopa ule wa juu.

Kasoro hiyo haikuwaangukia watu wote sawasawa. Kihisi hugawa ngazi zake kwa kufuata wingi wa nuru. Katika kamera ya ngazi 4,096, nusu nzima, yaani 2,048, hutumika kwa sehemu iliyo angavu kabisa. Nuru ikipungua nusu, sehemu inayofuata hupata 1,024, kisha 512, kisha 256, kisha 128. Achukuliwe bwana arusi mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa kanzu nyeupe, chini ya taa ya jioni. Kamera huilinda kanzu isiungue kwa weupe, na uso wake huangukia katika ngazi za chini, mahali penye ngazi chache na chenga nyingi. Kanzu ilitoka na kila kunjo lake. Uso ukatoka kama kivuli. Mpiga picha hodari alijua kuongeza taa au kuiacha kanzu ipotee ili uso upatikane, lakini kamera iliyojiendea yenyewe haikujua hivyo. Watengenezaji walichelewa kulikiri jambo hilo. Google, ilipotoa simu za Pixel 6 mwaka 2021, ilitangaza mpango ulioitwa Real Tone wa kurekebisha namna kamera zake zinavyozionyesha ngozi nyeusi na za maji ya kunde. Basi katika jambo hili ubora na ukweli vilikuwa kitu kimoja. Chenga zilipopungua, watu waliokuwa gizani walionekana, na huo ulikuwa ushindi wa haki kama ulivyokuwa ushindi wa ufundi.

Ushindi huo ulitokana na mageuzi ya kihisi chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya NASA huko California waliendeleza vihisi vya CMOS ambavyo kila pikseli ilipewa kikuza umeme chake. Maji hayakuhitaji tena kumiminwa kutoka kibaba hadi kibaba. Kila kibaba kilipata mpimaji wake. Canon D30 ya mwaka 2000 ilitumia kihisi cha CMOS chenye megapikseli 3.1. Mwaka 2007 Nikon D3, yenye megapikseli 12.1, ilifika ISO 6400 katika mpango wake wa kawaida, na kuanzia hapo usiku haukuwa tena adui asiyeshindika. Baadaye nyaya zilizokuwa zimetandazwa mbele ya pikseli na kuzuia nuru zilihamishiwa nyuma, na kamera nyingi bora zikapima ngazi 16,384 badala ya 4,096. Yote hayo yalikuwa maendeleo safi. Kibaba kilipanuliwa mdomo, mpimaji akanolewa macho, na daftari likaandikwa kwa makini zaidi. Mpaka hapo, picha iliyopendeza zaidi ilikuwa pia ndiyo iliyosema kweli zaidi.

Kisha kamera ikaingia ndani ya simu, na njia zikaanza kugawanyika. Simu ni nyembamba, lenzi yake ni ndogo kama punje, na kihisi chake hupata mvua kidogo. Mafundi wakatafuta katika hesabu kile walichokikosa katika kioo. Mwaka 2013 Google ilileta katika simu ya Nexus 5 mpango wa HDR+, ambao hupiga picha kadhaa za haraka na kuzilaza moja juu ya nyingine. Mwaka 2018 mpango wake wa Night Sight uliweza kuunganisha hadi picha 15 za gizani. Hesabu yake ni ya halali: picha tisa zikilazwa pamoja, chenga za nuru hupungua hadi theluthi, kwa kuwa fotoni zimekusanywa mara tisa. Hapo hakuna uzushi. Mtu aliyekinga maji mara tisa ana haki ya kusema kwamba mtungi wake umejaa, ingawa yafaa akumbuke kwamba aliyepita njiani kati ya mkingo wa kwanza na wa tisa huenda asionekane vizuri.

Lakini baada ya kukusanya kulikuja kubashiri. Programu za leo hufundishwa kwa picha nyingi mno mpaka zikajua jinsi jani, jicho, unywele na tofali zionekanavyo kwa kawaida. Zinapokutana na sehemu iliyofifia, huweza kuijaza kwa yale zinayoyajua. Mfano mashuhuri ulijadiliwa mwezi Machi 2023. Mtumiaji mmoja aliitia ukungu picha ya mwezi kwa makusudi, akaiweka katika kioo cha kompyuta, akaipiga kutoka mbali kwa simu ya Samsung. Simu ikatoa mwezi wenye mabonde na madoa ambayo hayakuwamo katika kioo kile. Samsung ilieleza kwamba simu zake huutambua mwezi na kisha huongeza uwazi wa alama zake kwa msaada wa akili bandia. Mwezi ule ulikuwa mzuri. Ila haukuwa umeonwa.

Hapo ndipo penye mpaka. Kanuni ya Bayer inapokisia rangi ya pikseli, humwuliza jirani aliyekuwapo mahali pale, wakati ule, chini ya nuru ile ile. Programu inayojaza unywele au bonde la mwezi humwuliza mgeni ambaye hakuwapo. Jirani aweza kukosea, na kwa kweli hukosea: kitambaa chenye mistari ya karibukaribu kilitokeza katika kamera za kale mawimbi ya rangi ambayo hayakufumwa na mfumaji yeyote. Leica M8 ya mwaka 2006 ilipokea nuru isiyoonekana kwa macho kiasi cha kuzigeuza nguo nyeusi za nyuzi za viwandani kuwa za zambarau, na kampuni ikalazimika kuwapa wanunuzi vichujio vya kuirekebisha. Lakini makosa ya namna hiyo yana adabu. Hufuata kanuni, hujirudia, na ayajuaye huyatambua kama mwalimu atambuavyo mwandiko wa mwanafunzi wake. Kosa la mgeni halina alama, kwani limefanywa lifanane na kweli.

Huenda jambo hili ndilo lililo nyuma ya kurudi kwa kamera ndogo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo vijana wengi wamezitafuta tena katika miaka hii ya 2020. Husemwa kwamba vihisi vya CCD vina rangi tamu ambazo CMOS haina. Dai hilo halina msingi imara, kwa kuwa rangi hutokana zaidi na vichujio na hesabu zinazofuata kuliko namna ya kumimina maji ya kibaba. Wala si kweli kwamba CCD ni ufundi uliokufa: kamera ya Vera C. Rubin Observatory huko Chile, ambayo picha zake za kwanza zilitangazwa Juni 2025, ina vihisi 189 vya CCD na jumla ya megapikseli 3,200 hivi. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na vyote vya kale si takataka. Wapendao picha za kamera kuukuu yamkini hawavutwi na CCD, bali na picha isiyosuguliwa mpaka ikakosa kovu.

Basi, zikiwekwa mezani, kamera ya leo humshinda mkongwe wa miaka ya 1990 kwa wingi wa chembe, kwa upana kati ya weupe na weusi, kwa utulivu wa rangi na kwa uwezo wa kuona gizani. Hapana haja ya kulitilia shaka hilo, na walioachwa gizani na kamera za zamani wana sababu ya kushukuru. Lakini picha maskini ya mwaka 1995 ina sifa moja ambayo yafaa mwanahistoria aithamini: yale machache inayoyasema, mengi iliyaona, na mahali isipoona huonyesha wazi kwamba haikuona. Viraka vyake na chenga zake ni kama sehemu zilizoliwa na mchwa katika hati ya kale. Msomaji wa hati huziacha wazi. Hazijazi kwa maneno yake mwenyewe kisha akayaita ya mwandishi.

Watengenezaji wenyewe wameanza kuihisi haja hiyo. Mwaka 2021 uliundwa umoja wa C2PA ili kuweka kanuni ya kuambatisha kwenye picha habari za asili yake na mabadiliko iliyofanyiwa, na mwaka 2023 Leica M11-P ilikuwa kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa na kanuni hiyo ndani yake. Hatua hiyo ni njema, ingawa cheti huweza kueleza alichofanya mtu baada ya kupiga picha kwa urahisi zaidi kuliko kilichotendwa na programu wakati wa kupiga. Kwa atunzaye picha za familia, za mji au za chuo, wajibu ni mwepesi kuutaja: ahifadhi faili la asili lisilobanwa tena, aandike chombo kilichotumika na mwaka, na nakala iliyopambwa aiite kwa jina lake. Swali la kwanza mbele ya picha yoyote, kuukuu au mpya, si kama ni safi. Ni kama yanayoonekana ndani yake yalionwa na kamera, au aliambiwa na mgeni.